Kiroba cha Siku ya Nne

Mdogo wangu wa mwisho amejifungua. Amekuja kukaa kwangu hapa Mkolani mpaka siku arobaini zitimie, na tangu aingie ndani hataki kitu kingine ila ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa. Wa sokoni hautaki, anasema unanuka gunia. Anataka niliouvundika mwenyewe kijitoni, kama nilivyokuwa namlisha alipokuwa mdogo. Ningemkatalia vipi? Baba na mama hatunao, bibi naye alishatuacha. Mzazi akisema anarudi kwao, kwao ndiyo kwangu.

Basi nikatafuta muhogo mchungu, nikaumenya, nikaujaza kwenye kiroba, nikashuka nao kijitoni. Miaka mingi nilikuwa sijafanya kazi hiyo. Nilipokilaza kiroba majini na kukigandamiza kwa jiwe, mikono ilikumbuka yenyewe.

Kama hukukulia huku kwetu, muhogo mchungu ni muhogo mzuri kwa macho, mweupe, mnene, na una sumu ya kutosha kumlaza mtu. Bibi alikuja mjini kutoka Majita wazazi wetu walipofariki, akatukuta wanne, mimi wa kwanza, huyu wa mwisho bado anabebwa mgongoni. Kitu cha kwanza alichonifundisha hakikuwa kupika, kilikuwa kungoja. Muhogo unakaa majini siku tano. Kulikuwa na familia moja huko kwao iliyoutoa siku ya tatu kwa sababu ya njaa, na kila nilipoomba tupunguze siku moja, bibi alinihadithia upya jinsi watoto wa nyumba ile walivyotapika. Alisema maji yanauondolea muhogo ubaya wake na kwenda nao, na sisi tunabaki na chakula. Niliamini hivyo, na kwa kweli ilikuwa hivyo.

Enzi hizo, siku ya tano ikifika, nilibonyeza kwa kidole gumba. Ukibonyea kama ndizi iliyoiva, umekuwa tayari. Tulitoa nyuzi za katikati, tukaumegua vipande, tukauanika juu ya majabali nyuma ya nyumba, na wadogo zangu wakapewa matawi ya kufukuzia kuku. Harufu yake, usiniulize. Ilishika kwenye mikono, kwenye nguo, kwenye nywele za mtoto niliyembeba. Wenzangu darasani walikuwa wakisogeza madawati. Lakini jioni kinu kikilia, unga ukichekechwa, ugali ukaja mezani mzito, unavutika, pembeni dagaa wa nyanya na mboga ya mgagani, hakuna aliyetaja harufu.

Shule niliacha darasa la sita. Kiroba hakikujua kama leo ni Jumatano, siku yake ikifika lazima kitoke, na bibi kiuno kilikuwa kimeshamgomea. Mwalimu wa hesabu alinifuata mpaka kijitoni, viatu mkononi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza nitarudi lini. Nikamwambia muhogo ukikauka. Alicheka, akapanda kilima na viatu vyake. Sikuwahi kujuta sana. Wadogo zangu watatu wamesoma, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuumwa tumbo kwa chakula cha mkono wangu. Hicho ndicho nilichokuwa najivunia.

Sasa sikia. Wiki mbili zilizopita kiroba kilikuwa siku ya nne, nikashuka kukigeuza. Nikamkuta binti mmoja amevaa glovu, anajaza maji kwenye vichupa na kuvibandika karatasi. Akaniamkia vizuri, akaniambia yeye ni mtaalamu wa maji, anachukua sampuli. Akaona kamba ya kiroba, akauliza ni nini. Nikamweleza kwa mapana, nikijisikia mwalimu. Akafunga kichupa alichoshika, akakiweka chini.

Akanieleza kwamba huko juu kuna mabwawa ya kusafishia majitaka, na maji yakishasafishwa yanaachiwa kwenye kijito hiki. Hilo nilikuwa nalijua, tena nilidhani ni neema, maana zamani kiangazi kijito kilikuwa kinakatika na siku hizi kinatiririka mwaka mzima, cheupe, hakina harufu. Akasema mabwawa yanashughulika na kinyesi na vijidudu. Kuna kemikali nyingine yanazipitisha tu. Zinatoka kwenye makoti yasiyopenya mvua, kwenye povu la kuzimia moto, kwenye vikaango visivyoshika chakula. Kikaango cha namna hiyo ninacho, mdogo wangu wa kiume aliniletea zawadi. Nakiosha kila siku na maji naya­mwaga kwenye karo.

Nikamwambia sisi hatuli mbichi, tunachemsha.

"Kuchemsha kunaua vijidudu, mama," akasema. "Hizi hazina uhai wa kuuawa. Wala haziozi."

"Kwa hiyo zimeingia kwenye muhogo wangu?"

"Sijui. Hilo hatujapima."

"Nina mzazi ndani, ananyonyesha. Ale, asile?"

Akaangalia vichupa vyake. "Anyonyeshe tu, asiache. Ila angekuwa dada yangu, huo nisingempa."

Majibu ya vichupa je? Vinapelekwa mbali, yatachukua muda. Nani atatuletea? Hana hakika, labda ofisini wataandika. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa, kwa sababu katika wote waliojenga, waliopima na waliopitisha maji haya nyuma ya nyumba zetu miaka yote, yeye ndiye pekee aliyenijibu. Mabwawa yalipofunguliwa wakubwa walikuja na maturubai na viti, wakatuambia maji yatatoka safi. Hakuna aliyeuliza kama kuna mtu analoweka chakula huku chini.

Nikakitoa kiroba, kizito, kinachuruzika. Sasa nikakitupe wapi? Jirani yangu akakiona, akakiomba kwa ajili ya nguruwe wake. Nikamweleza. Akaniangalia toka juu mpaka chini.

"Wewe umekula huo udaga tangu una meno ya utoto, na bado kila asubuhi unatuamsha kwa kelele. Lete hapa."

Nikamuuliza hao nguruwe wanaliwa na nani kama si sisi, kila Jumamosi kwenye kitimoto. Akaondoka anacheka. Kuchimbia ardhini, mtaalamu alishasema haziozi. Kurudisha majini, ndiko zilikotoka. Mpaka leo kiroba kipo nyuma ya choo, nimekifunika bati, kinanuka, na kila nikipita naudhika upya.

Kwa mdogo wangu sikujua nianzie wapi. Nililoweka mwingine kwenye ndoo, kwa maji ya bomba, nikawa nayabadilisha kila asubuhi. Ulilainika, ulikauka, unga ulitoka. Akala matonge mawili, akasema, "Dada, si wenyewe." Ndipo nikamwambia yote. Alisikiliza huku mtoto yupo kwenye ziwa. Nilidhani atalalamikia mabwawa kama mimi. Badala yake akauliza taratibu, "Yalianza lini?"

Nikamwambia sikumbuki vizuri. Nakumbuka maturubai. Nakumbuka yeye akiwa na sare mpya ya shule, au labda ilikuwa ya aliyemtangulia.

"Kwa hiyo na mimi nimeula."

Akamtazama mtoto wake, akambadilisha upande, akavuta sahani, akaumaliza ule ugali asioupenda, kwa sababu mzazi lazima ale.

Kijito kingekauka ningekililia yakaisha. Kipo, kinapita, watoto wa jirani wanachezea humo na mimi nimegeuka yule mama mkali wa kuwafukuza. Wananiuliza kwani kina nini, na sina cha kuwaonyesha. Majabali yapo, kinu kipo, hata muhogo mchungu bado unauzwa. Kilichopotea ni kitu kidogo ambacho sikujua nilikuwa nacho. Zamani nikimwekea mtu chakula mbele yake, nilimwambia kula, kimetoka ubaya wote, na nilikuwa najua ninachosema. Jana nimemwekea mdogo wangu sahani, nikakaa pembeni kumwangalia, nikanyamaza.