Mraba wa Kahawia wa Nyakasimbi

Mimi niliacha shule darasa la nne, na kulisema hilo sioni aibu, kwa sababu waliomaliza vyuo ndio wanaokuja kupanga foleni kwenye mashine yangu ya kukoboa kahawa pale Bugene. Nina mashine, nina pikapu, nina nyumba ya vigae ambayo watu huitumia kuwaelekezea wageni njia. Vyote hivyo nilivipata bila kujua kwamba naishi ndani ya mraba.

Habari za mraba nilizipata Kayanga, ukumbini, siku mradi mmoja wa kahawa ulipotuita wakulima wa Karagwe na Kyerwa tuoneshwe mvua. Ndiyo, mvua. Tulikuwa tumenyeshewa njia nzima, matope hadi magotini, lakini ilibidi tukae kwenye viti vya plastiki tuoneshwe mvua ukutani. Binti mmoja mtafiti, miwani karibu imfunike uso, akawasha kompyuta, na wilaya zote mbili zikatokea zimekatwakatwa kama karatasi ya daftari la hesabu. Kila mraba, alisema, una mvua yake ya kila siku, tangu enzi za babu zetu hadi jana. Miraba ya kijani ina mvua ya kutosha kahawa. Ya kahawia haina.

Mraba wetu wa Nyakasimbi ulikuwa kahawia kweli kweli.

Walio kwenye kijani wangepewa miche mipya inayohimili ugonjwa wa mnyauko. Walio kwenye kahawia wangepewa mbegu za mtama na pole. Mimi sikujifikiria, nilimfikiria dada yangu mkubwa, mjane, anayekaa kwenye kibanja cha marehemu baba yetu. Mnyauko ulimmalizia mibuni yote. Aliing'oa, akaichoma, akachimba mashimo mapya, akatia samadi, akawa anangoja miche. Ningemnunulia mwenyewe, mtu mzima mwenye mashine nishindwe na miche? Lakini miche ile haiuzwi. Inatoka kwenye kitalu cha mradi tu, na mradi unaangalia rangi. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuitwa tajiri, nilikutana na kitu ambacho hakikunijua.

Nikasimama. Mimi siogopi kusimama.

"Binti," nikasema, "jirani yetu ng'ambo ya barabara yuko kwenye kijani. Hiyo mvua ikifika barabarani inaogopa kugongwa na bodaboda, au?"

Ukumbi ukacheka. Binti naye akacheka, jambo ambalo kwa msomi sikulitarajia.

"Mzee, mraba lazima uishie mahali," akasema. "Zamani sisi hatukuwepo. Tunachukua vipimo vya watu waliopima, na pasipo na kipimo, kompyuta inakadiria kwa kuangalia majirani."

"Na kwetu alipima nani?"

"Palikuwa na kipima mvua kimoja tu. Kwa mkulima mmoja, karibu na kanisa."

Nikakaa. Mkulima huyo ni baba yangu. Kile kikopo cha bati kilichosimama uani, ambacho sisi watoto tulikatazwa kukigusa utadhani kina sakramenti ndani, ndicho kilichokuwa mvua ya mraba mzima! Wengine baba zao waliwaachia ng'ombe. Wangu ameniachia hali ya hewa. Ningejisifu zaidi, ila mvua ya utoto wangu naijua. Ndiyo iliyotubomolea choo. Ule ukame ukutani sikuujua.

Kikao kilipoisha binti alinifuata mwenyewe. "Mzee, mraba wenu unanitatiza. Kuna miaka sifuri zinakuja kwa mafungu. Mvua inanyesha, halafu siku kadhaa hakuna kitu, wakati miraba yote ya jirani imelowa. Sijapata wa kumuuliza."

"Panda gari," nikamwambia. Pikapu yangu imebeba magunia, mikungu na mafahali, lakini msomi ilikuwa bado.

Dada alikuwa uani.

"Shikamoo mama," binti akasema.

"Marahaba mwanangu. Karibu jangwani." Akamwekea kisahani cha kahawa ya kutafuna. "Tafuna polepole, ndiyo ya mwisho. Tumeambiwa hapa haioti."

"Dada, mwache kwanza afike."

"Ameshafika. Wewe na tumbo lako ndio mmechelewa."

Binti akafungua kompyuta yake juu ya kigoda, akaanza kumtajia miaka yenye sifuri. Dada alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama. Ilikuwa miaka ya Ukimwi, wakati kila kilima kilikuwa na kilio chake, na kabla cha huku hakijanyamaza kinaanza cha kule.

"Mwanangu," dada akasema, "huku mtu akifa jembe linalala mpaka azikwe. Mzee wetu aliona kile kikopo nacho ni kazi, maana alipewa na serikali. Hakukigusa."

"Lakini maji si yaliendelea kuingia?"

"Yaliingia. Akitoka msibani anayamwaga. Aliambiwa apime maji ya siku moja. Hayo yamechanganyika, atajuaje ya lini ni yapi?"

"Na kwenye karatasi aliandika nini?"

"Sifuri. Alisema nafasi tupu ni ya mvivu."

Nikaona nimsaidie binti kuelewa.

"Kaburi la mama yetu tulilikausha kwa ndoo kabla ya kumshusha," nikamwambia. "Tunachota, linajaa. Hebu tazama siku hiyo kwenye kompyuta yako. Bila shaka Nyakasimbi palikuwa pakavu, vumbi tupu."

Hakutazama. Alivua miwani, akaifuta kwa kanga aliyopewa na dada kujifunikia magoti. Kisha akasema atazifuta zile sifuri, aandike kwamba hakuna kipimo, na kompyuta ikope mvua kwa majirani.

"Hata kwa huyu wa ng'ambo ya barabara?" dada akauliza.

"Hata kwake, mama."

"Utaona. Huyo hata chumvi hakopeshi."

Alikopesha, bila kuulizwa. Ramani mpya ilipotoka mraba wetu ulikuwa kijani. Kijani cha mboga iliyolala, lakini kijani. Mvua za vuli zilipokolea, lori la mradi likamshushia dada miche yake, naye akaipanga chini ya migomba na kuifunika majani. Asubuhi iliyofuata angepanda. Alfajiri tukasikia kilio ng'ambo ya barabara: mama mzazi wa yule jirani amefariki.

Bwana shamba wa mradi alifika kukagua, akayakuta mashimo matupu. Akanipigia simu kwa hasira.

"Mzee! Tumehangaika na ramani kwa ajili ya dada yako, leo miche iko uani, mvua inanyesha, yeye hayupo! Isiyopandwa narudi nayo kitaluni, wapo wanaoihitaji. Kwenye ripoti niandike nini?"

"Andika sifuri," nikamwambia. "Ukimaliza vuka barabara, uje msibani. Kaburi limejaa maji na wachotaji tumechoka."

Simu ikakatika. Nikajua miche imekwenda. Baada ya muda nikamwona anashuka kwenye pikipiki, suruali ameikunja, mikono mitupu, bila hata mche mmoja. Dada alimtazama kuanzia viatu hadi kofia, akampa ndoo.

Tulizika mchana ule. Kesho yake miche iliingia ardhini yote, na bwana shamba alishika kamba ya kunyooshea mistari huku dada akimgombeza kwamba anaipindisha.