Kitabu cha kabichi kilichoniokoa nisirithiwe na shemeji (enzi za Élisabethville)

Wakuu, hodi humu ndani.

Nimeona mabinti mnaulizana kitabu gani kitamsaidia mwanamke apate kazi anayoipenda na pesa yake mwenyewe. Mimi ni bibi kizee wa Lubumbashi, nachapa kwa kidole kimoja, mnivumilie. Ninachosimulia sijakitia chumvi.

Kitabu changu kilikuwa cha kabichi. Chekeni tu.

Miaka ya hamsini, mji ukiitwa Élisabethville, mume wangu alifanya kazi mgodini na tulikaa kambi ya wafanyakazi. Akafa kwa homa ya mapafu. Nilikuwa na miaka ishirini na binti mchanga mgongoni.

Nyumba ya kambi ilikuwa ya mume, si yangu. Na kwa desturi ya ukoo wao, mjane anarithiwa. Baada ya matanga, kaka wa marehemu akaniambia: "Mvua ikianza, nitakuya kukutwaa, twende kwetu Lukafu, mu kijiji." Alikuwa na wake wawili tayari!

Nililia kwa hasira. Hakuwa mtu mbaya, lakini mke wa tatu? Mimi? Hapana.

Nikahamia chumba kwa Mama Zaina, Mwislamu wa asili ya Maniema, aliyeuza samaki wa chumvi sokoni. Akaniazima na kipande cha shamba Kasungami, nje kidogo ya mji, kando ya kijito. Sasa nilime nini?

Ndipo nikakumbuka kitabu. Nilipokuwa msichana, masista wa misheni walitufundisha kushona na kusoma kidogo, na siku ya kufunga mwaka walitugawia vitabu. Wenzangu waligombania vya kufuma. Mimi nilichukua cha bustani kwa sababu ya picha tu, kabichi nono kwenye jalada. Kifaransa changu kilikuwa cha kuokoteza, ila majina ya miezi niliyajua.

Kikasema: mai, panda. Bon, nikapanda mwezi wa tano.

Watu wa Katanga hapo mmeshashika kichwa. Mwezi wa tano mvua imekwisha, baridi inaingia, majembe yamepumzika. Mama Zaina akashika kiuno: "Weye uko wazimu? Bantu banapandaka mu mvua!"

"Mama, kitabu njo kinasema."

Kumbe kitabu kiliandikwa Ulaya, ambako mwezi huo ndio kwanza kunapata joto. Nilikuja kuambiwa miaka mingi baadaye, nikacheka hadi mbavu zikauma.

Nikamwagilia kwa ndoo asubuhi na jioni. Mikono ikapasuka kwa baridi. Wapita njia walinicheka waziwazi, na kuna siku nilitaka kuacha.

Lakini kabichi inapenda baridi, wakuu! Kufika mwezi wa nane zilikuwa zimefunga vichwa, kubwa, ngumu, na sokoni mboga mbichi ilikuwa ya kutafuta. Wapishi wa Wazungu wakawa wananifuata shambani na baiskeli. Nililipa chumba changu mwenyewe. Kila asubuhi niliamka nina hamu ya kwenda kazini, jambo ambalo sikuwahi kulijua kabla.

Mawingu ya kwanza, shemeji huyu hapa, hadi shambani.

"Funga mizigo."

"Miye siende, shemeji."

"Nani atakulisha mu mujini?"

Kabla sijajibu, mpishi mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake akamwambia: "Baba, kama haununue, toka mu njia."

Mama Zaina, aliyekuja kunisaidia kuvuna siku hiyo, alicheka hadi akakaa chini. Shemeji akaangalia matuta, kisha akauliza, "Yote hii iko yako?"

"Yote."

Hakusema tena neno la kurithi. Nikamkatia kabichi mbili ampelekee mama mkwe, akaondoka nazo.

Somo langu, mabinti: msihangaike kutafuta kitabu kinachoandika "pesa" kwenye jalada. Chukueni kinachofundisha mikono kazi, na mkifanyie kazi hata mkikosea. Wewe ulianza na kitabu gani? Nitajie hapo chini, na wanaobisha pia karibuni.

Ah, mama mkwe. Alituma ujumbe kutoka Lukafu. Hakuuliza nitakuja lini. Aliuliza mbegu zinapatikana wapi.