Vigingi vya Papa, Maharagi ya Mama

Maji ya bomba yaliingia kambini kwetu mwaka juzi. Watu wakiyasifu mimi nacheka peke yangu, maana kidogo tu yampeleke papa yangu kasho, jela ya jeshi.

Papa ni mwanajeshi wa kikosi cha ujenzi. Tunakaa kambi ya pembeni mwa Kisangani, nyumba za zamani zilizopangwa mistari, mabati yana viraka juu ya viraka. Kati ya nyumba na uwanja wa mazoezi kuna ardhi ambayo jeshi halikuijenga, na wanawake waligawana matuta humo bila karatasi yoyote. Mume akihamishwa, mke wake anamwachia shamba mama anayekuja, pamoja na tuta moja ambalo halijavunwa, ili mgeni ale siku ya kwanza. Sheria nyingine ni hii: kitu kilichoachwa ardhini bila mwenyewe ni cha wanawake.

Sheria hiyo ndiyo ilituponza. Mama yangu ni mtu wa Kivu Kusini, tena mbishi. Katika mji wa pondu, majani ya muhogo, ambayo yeye mpaka leo anaiita sombe, alishikilia kupanda maharagi yanayotambaa juu ya miti. Majirani walimcheka: «Mama, huku itatoa majani tu!» Yeye akawajibu: «Nyamazeni, mutakuja kuomba.»

Jumamosi moja nilirudi nyumbani kutoka chuo, tukaenda kupalilia. Ah! Miti kumi na minne imesimama shambani na kando yake, imenyooka, imechongwa vizuri, vichwa vimepakwa rangi nyekundu. «Mungu anatoa,» mama akasema. Tukaichomoa yote, tukaisimika kwenye maharagi, tukaifunga kwa vipande vya kitambaa cha kikwembe. Mimi mwenyewe nilifurahi kama mjinga.

Kesho yake mchana papa akafika shambani, akasimama, jasho likamtoka.

«Nani alichomoa vigingi yangu?»

Kumbe wiki nzima alikuwa anapima kwa kamba njia ya bomba, kutoka kwenye tangi mpaka nyumba ya kuzalia ya kambi. Asubuhi ya Jumatatu kamanda angetembea juu ya mstari ule na fundi wa mabomba. Bila vigingi, papa kasho, na fundi angepeleka mabomba yake kambi nyingine. Karatasi ya vipimo alikuwa nayo fundi, naye alikuwa ameondoka mjini mpaka kesho. Na kwetu wakati ule kila mwanamke anayekwenda kuzaa alibeba bidoni yake ya maji kutoka chemchemi, uchungu au si uchungu. Mama amewabebea wengi.

Mama hakuuliza habari ya kasho. Aliuliza: «Na mbona inapita ndani ya shamba yangu?»

Papa akatazama viatu vyake. Mtu huyu amerudi kutoka vitani mara tatu, lakini anamwogopa mke wake.

«Wiki muzima unakula sombe yangu, na unanyamaza!»

Nilimkasirikia papa, kweli. Mficha uchi hazai, sasa yeye alificha mpaka tukamharibia kazi.

Basi mama akavua sandali. Akang'oa kigingi cha kwanza kwenye maharagi, akatembea nacho. «Hiki kilikuwa hapa, karibu na muhogo ulioinama.» Papa anafuata na kamba, anaangalia, anatikisa kichwa kukubali. Mvua ya usiku ilikuwa imeziba matundu, lakini mama analijua shamba lake kila shubiri. Tukafika mahali mstari unapopiga kona, katikati ya tuta lake la sombe, zuri kuliko yote.

Nikamnong'oneza: «Mama, sogeza kidogo. Hatua mbili tu, kwa jirani.»

«Donc mwanamuke azale bila maji sababu ya sombe yangu? Hapana. Leta jiwe, gonga.»

Nikagonga, machozi yananitoka. Papa akachuchumaa karibu yake ndani ya tope, na yunifomu yake.

«Ningeweza kuipitisha kwa jirani,» akasema. «Lakini ule mama ni mujane, hana kitu ingine ya kukula.»

«Alors, sababu gani haukuniambia?»

Papa akajipangusa uso, mkono wenyewe una udongo, akajichafua zaidi.

«Nilijua utakubali. Ndiyo ile ilinipatisha haya ya kukuomba.»

Mama alimfuta tope usoni kwa pembe ya kikwembe chake, taratibu, kisha akampa jembe aanze kung'oa muhogo wa lile tuta, bomba lipite.