Kipa Aliyeshushwa Rafuni

Mjomba wangu ni meneja wa duka la vifaa vya ujenzi, na jioni ni kocha wa timu ya mtaa. Dukani ana sheria moja: bidhaa isiyoguswa na wateja inashushwa rafuni. Msimu huu sheria hiyo akaileta uwanjani.

Wa kwanza kushushwa alikuwa kipa wetu, fundi viatu tunayemwita Redio kwa sababu hafungi mdomo mechi nzima. Tena siku ya nusu fainali.

"Mechi tatu hujagusa mpira," Mjomba alimwambia mbele ya wote. "Unajaza nafasi tu."

"Kocha, sijagusa kwa sababu nawapanga mabeki. Unataka nipigwe mashuti ndiyo uone nafanya kazi?"

"Hesabu ni hesabu."

Diploma yangu ya biashara niliiachia njiani, lakini hata ile nusu ilinitosha kuona tunakwenda kuumbuka. Nikanyamaza. Nalala kwa Mjomba.

Golini akasimama binamu yangu, mpole kama mto wa kitanda. Mabeki, bila ile sauti nyuma yao, walipishana kama watu wanaotafuta swichi gizani. Mapumziko yakatukuta nyuma, mbili bila.

Redio akamsogelea Mjomba. "Kocha, ule mtungi wa kuzimia moto dukani kwako, umewahi kuguswa?"

"Bado."

"Mbona hujaushusha?"

Mjomba akamrushia glovu. "Vaa. Na upige kelele."

Tulifungwa zile zile mbili. Kipindi chote cha pili Redio hakugusa mpira, na safari hii Mjomba hakulalamika.