Bangili Iliyotumwa Kazini

Saa tatu asubuhi, Zuleica Sualehe amesimama uani kwake, mjini Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ameupa upepo mgongo ili moshi wa asidi usimwingie puani. Mbele yake kuna bakuli la kioo lenye unga mweupe. Unga huo ulikuwa bangili ya fedha ya marehemu mama yake, na leo moyo wake haujatulia hata kidogo.

Zuleica ni sonara. Wachimbaji wa bara humletea dhahabu waliyoitoa kwenye mawe, naye huisafisha. Dhahabu peke yake asidi haiipenyi, kwa hiyo huiyeyusha kwanza pamoja na fedha nyingi. Asidi hula fedha pamoja na uchafu, dhahabu safi ikabaki chini. Waya wa shaba ukitiwa katika maji yale ya asidi, fedha nayo hurudi.

Miaka yote ya kazi yake, fedha anayochanganyia ni ya bangili ile ile. Huyeyushwa, hurudi, hufuliwa upya.

"Bangili ya mama ndiyo kibarua wangu," anasema akicheka. "Naituma kazini, jioni imerudi."

Juzi nusura isirudi. Akisafisha dhahabu ya mchimbaji mmoja, Domingos, aliishiwa maji ya mvua ya kuisuuzia, akatumia ya kisima. Visima vya karibu na ghuba vina chumvi. Mara maji yakawa meupe kama tui. Akatia waya wa shaba, wapi!

"Nililia kama siku tuliyomzika mama. Binti yangu Yasmin anaolewa Ijumaa, nami nimemwahidi ataivaa. Nikalishika bakuli nimwage."

Bahati nzuri alimpigia simu kwanza Fauzi, sonara mwenzake wa Mtwara.

"Dada, usimwage!" Fauzi alimwambia. "Huo weupe ndio fedha yenyewe, imeshikwa na chumvi. Uoshe kwa maji ya mvua, kisha tia asidi ya betri kidogo na kipande cha bati."

Jana mvua ikanyesha. Sasa Zuleica anatumbukiza bati. Mapovu yanapanda. Anakoroga kwa kijiti mpaka weupe unapoanza kugeuka kijivu.

"Yasmin! Njoo! Bibi yako karudi!"

Yasmin anatoka jikoni mbio, mikono imejaa unga wa maandazi. Mama na binti wanakumbatiana, wanacheka, machozi yanawatoka.

Alasiri unga ule wa kijivu umeyeyushwa, na tonge la fedha linang'aa kwenye kiganja cha Zuleica. Kesho ataanza kulifua. Kwa kazi zijazo atanunua fedha nyingine, na anapanga kujenga tangi la maji ya mvua.

"Hii imetumika vya kutosha," anasema. "Ikae mkononi mwa mwanangu, ipumzike."

"Ukikwama, mama, nitakuazima," anasema Yasmin.

"Thubutu!"