Tangawizi za Baba

Kwetu Muyinga mgonjwa hajitibu, anatibiwa na mtaa mzima. Baba yangu, fundi cherehani, aliporudi kutoka hospitali ya Gitega na ugonjwa wake wa moyo, daktari alikuwa amempa vidonge vya kuzuia damu isigande. Mtaa ukampa tangawizi. Kila mtu alikuwa na hakika kwamba tangawizi inazibua mishipa ya moyo, na mimi nilikuwamo, nisijifanye msomi hapa.

Mama aliizidisha kwenye chai ya asubuhi. Shangazi akaleta uji unaowasha mpaka machozi. Jirani yetu Mkongomani wa Uvira, mama mlokole anayeuza vitenge, alikuja kila jioni na chupa ya maji ya tangawizi na limau, akaiombea kwanza. Mi nilitwanga tangawizi mbichi na asali, nikasimama pale pale mpaka ameze. Kila mmoja alijua dawa yake tu. Baba, masikini, alipokea vyote, akarudisha vikombe kwa asante. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno; wangekuja kwetu waone.

Siku moja nilimkuta ameinamia cherehani, kanzu ya mteja imelowa damu. Ilikuwa inamtoka puani na kwenye ufizi, na haikati. Nilijua tunampoteza. Tulipanda gari la Gitega, Mama amemshikia kitambaa puani. Mimi nilimgombeza dereva kila aliposimama kupakia abiria, kana kwamba yeye ndiye aliyeleta maradhi.

Walimpima, wakasema damu imekuwa nyepesi kupita kiasi. Daktari akauliza mgonjwa anakula nini, anakunywa nini. Baba akatutazama sisi. Mama akataja chai. Shangazi, aliyekuja nasi, akataja uji. Nikataja asali yangu, sauti ikinipungua, halafu tukaikumbuka ile chupa ya jirani. Daktari akaweka kalamu chini. Alitueleza bila ukali kwamba tangawizi kidogo kwenye chai haina neno, ila nyingi namna ile, juu ya vidonge vile, inaweza kuzidisha kutokwa na damu, wala haishiki nafasi ya dawa. Moyo wenyewe, akasema, unaendelea vizuri.

Wallahi nilikaa chini sakafuni nikalia kwa furaha. Shangazi alinicheka huku naye anajifuta macho.

Walimbakisha mpaka damu ikakata na vipimo vikakaa sawa. Siku ya kuruhusiwa, wakati Mama anamkunjia nguo, akamuuliza alichotaka kumuuliza tangu daktari alipotueleza.

“Baba watoto, mbona hukusema kwamba kila mtu anakunywesha?”

“Ningemkataa nani?” Baba akajibu. “Na mi tangawizi siipendi tangu utoto.”

Mimi na shangazi tuliangua kicheko. Mama hakucheka. Tangu aolewe hajawahi kumpikia mumewe chai isiyo na tangawizi, na mtaani walimsifu kwa chai hiyo. Akaendelea kukunja shati lile lile, kisha akasema polepole kwamba basi, kuanzia kesho atapika chai bila kitu.

Baba alimshika mkono, mbele yetu, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

“Yako usiache,” akamwambia. “Daktari ameruhusu kidogo. Hiyo kidogo iwe yako.”