Ramani ya Sita Ukutani

"Sasa miye niko wapi hapa?"

Mwanamke aliyeniuliza hivyo alikuwa ameinama juu ya meza yangu, kidole chake kikizunguka juu ya karatasi niliyojivunia kwa siku tatu. Alikuwa mteja wangu, mkulima wa karanga kutoka sehemu iitwayo Wamaza. Hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea. Katikati ya karatasi nilikuwa nimechora duara, na ndani ya duara nimeandika TUKIO. Kutoka hapo matawi yalikwenda kila upande: usingizi, njia ya darajani, mume, mama mkwe, watoto, shamba, hospitali. Alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza alipo. Niliitazama karatasi. Hakuwepo. Nilimjibu, "Yote haya ni wewe," na hapo hapo nikaona aibu, maana lilikuwa jibu la mtu asiye na jibu.

Ile karatasi ilizaliwa na hasira. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya saikolojia, nimekaa nyumbani kwetu Kasongo miezi bila kazi, nikapata nafasi katika mradi uliofungua nyumba ya kusikiliza huko Kabambare. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya matofali nyuma ya soko. Wanawake waliopatwa na mambo ya vita walikuja pale kuzungumza, na sisi tuliandika. Kila mteja alikuwa na farde yake, jalada la kadibodi lililofungwa kwa kamba, na ndani ya farde fomu za Kifaransa, kurasa juu ya kurasa, zenye visanduku vya kutia alama. Ukali wa maumivu, kuanzia sifuri mpaka kumi. Kumi ya nani? Niliuliza hilo siku ya mafunzo. Mwalimu alisema ni swali zuri sana, akageuza ukurasa.

Dada aliyekuwa pale kabla yangu alipata kazi mahali pengine, akaondoka, akaniachia farde zake. Siku ya kwanza nilipokutana na yule mwanamke wa Wamaza, nilimwambia kama nilivyofundishwa: mama, tuanze mwanzo.

"Mwanzo gani tena?" alisema. "Nilisema kwa muganga. Nikasema kwa ule bwana wa polisi. Nikasema kwa ule dada alikuwa hapa mbele yako, akaandika, akaandika, biki ikaisha, akatafuta ingine. Iko ndani ya hiyo farde. Kama hamusomi, munaandikia nani?"

Nilirudi na farde yake nyumbani nilikopanga, nikaisoma yote. Alikuwa amesimulia mambo yale yale mara tatu kwa watu watatu, na kila mmoja alikuwa ameanza ukurasa mpya kana kwamba wenzake hawakuwahi kuzaliwa. Nikatafuta namna ya kuweka yote kwenye ukurasa mmoja, ili yeyote atakayekuja baada yangu atazame mara moja ajue. Chuoni walitufundisha ramani za mawazo kwa ajili ya mitihani: neno katikati, matawi pembeni. Nikachukua karatasi kubwa na kalamu za rangi. Nyekundu, usiulize tena. Buluu, hapa pana mlango, ingia polepole. Na niliandika kwa Kiswahili, si Kifaransa, kwa sababu niliona ni dharau kuandika maisha ya mtu kwa lugha ambayo hata nyumbani kwake haisikiki. Nakumbuka nilivyojisifu kwa hilo.

Siku aliponiuliza yuko wapi, niliigeuza karatasi upande wa nyuma, nikamwambia basi tuchore upya, yeye aseme.

"Miye weka hapo katikati."

"Nikuandike nani?"

"Usiandike. Chora karanga."

Nilichora karanga. Alisema inafanana na kidole cha mgonjwa. Nikachora nyingine. Akaweka watoto karibu: mapacha, mmoja amebaki. Akaweka shamba. Mume wake, fundi cherehani, nilimchorea cherehani, na kando ya kila tawi niliandika neno lake. Mama mkwe alitaka achorwe mkubwa. "Ule anakula nafasi," alisema, na tulicheka mpaka mlinzi akachungulia. Nilipomuuliza kuhusu lile tukio, alionyesha kona ya chini kabisa.

"Weka kule. Kadogo. Na usiifunge na kamba yako. Ikae yenyewe."

Kwa hiyo nikaandika kwa nyekundu, kwa herufi ndogo, bila tawi: yaliyotokea darajani.

"Na wewe?" aliniuliza. "Wewe hauna matawi?"

Aliniomba mambo mawili tu. La kwanza, asisimulie tena. La pili, ukoo wa mume usijue anakuja kwetu. Kwao alisema anakwenda sokoni Kabambare kuuza karanga, na kweli aliziuza, ila kati ya kushuka kwenye pikipiki na kutandika kitambaa chake sokoni alipita kwetu. Mumewe alijua darajani kulitokea nini. Mama mkwe hakujua. Angejua, alisema, fundi angeletewa mke mwingine kabla mvua haijakatika. Nilimwahidi yote mawili. Niliahidi kwa urahisi sana.

Nilitengeneza ramani kwa wateja wengine watano. Mkuu wa mradi, ambaye sote tulimwita shefu, alizikuta mezani kwangu akazipenda mno. Aliniita mbunifu. Wiki iliyofuata nilitumwa Kasongo kwa mafunzo mengine, ya namna ya kujaza fomu mpya. Nilirudi kwa pikipiki, siku nzima ya matope, nimechafuka mpaka kwenye nyusi. Kesho yake asubuhi nikaingia biro, ofisini kwetu, nikakuta ramani zangu zimebandikwa ukutani kwa skochi, ile tepu ya kunata, kwenye chumba cha kwanza, mahali ambapo kila anayeingia anakaa kusubiri. Wafadhili walikuwa wamekuja nikiwa sipo. Shefu alitaka waone kazi.

"Shefu, toa hizi karatasi."

"Kwa nini? Wageni wamezifurahia. Mmoja amepiga picha."

"Ni siri za watu."

"Siri gani, dada? Hakuna jina hata moja. Nimeangalia mwenyewe, moja moja, kabla ya kubandika."

"Hapa nani anaitwa kwa jina? Wewe mwenyewe sokoni wanakuitaje?"

Mlinzi ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni, kwa upole kabisa: "Papa Koti." Shefu alivaa koti kila siku, hata jua likiwaka.

Kanuni yao ilikuwa imeandikwa na watu wa mbali, watu ambao kwao jina ndilo mtu. Futa jina, mtu hayupo. Huku kwetu unaweza kukaa jirani na mwanamke miaka kumi usijue jina lake la kanisani. Ni mama wa fulani, mke wa fundi, yule wa mapacha. Ramani yangu haikuwa na jina, ndiyo. Ilikuwa na kila kitu kingine anachoitwa. Na iliandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi safi, ili kila mtu asome. Nilimkasirikia shefu, nikawakasirikia wageni na simu zao, lakini mimi ndiye niliyeichora. Mimi ninayeuliza kumi ya nani, sikujiuliza hata mara moja karatasi hii itaonwa na nani.

Ndipo nilipohesabu. Ukutani palikuwa na karatasi tano. Kwa ile ya sita palibaki vipande vinne vya skochi, na kati yake ukuta mtupu. Iliyokosekana ilikuwa ile ya karanga.

Shefu hakujua ilikokwenda. Siku ya wageni ilikuwapo, alisema, wageni walipoondoka hakutazama tena. Aliyebaki kuulizwa ni mama aliyetufagilia. Alikuwa mjane Mwislamu wa makamo, mtandio mweupe siku zote, ameanza kazi mwezi uliotangulia. Alikuja alfajiri na ufagio wake, akaondoka kabla ya mteja wa kwanza kuingia, hivyo hakuna aliyewahi kukutana naye pale isipokuwa sisi. Nilimuuliza mlinzi mama huyu ni wa wapi.

"Wa Wamaza ule. Dada yake mukubwa iko kule mpaka leo. Mama ya fundi cherehani."

Mama wa fundi cherehani ndiye mama mkwe wa mteja wangu. Mama mdogo wa mumewe alikuwa amefagia chini ya ile ramani.

Tulimngoja kesho yake asubuhi, mimi, shefu na mlinzi. Hatukumkaribisha kukaa. Nilimuuliza karatasi iko wapi.

"Karatasi gani, mwanangu? Nimefagia. Nimetoa takataka."

"Mama, ilikuwa hapa. Tazama skochi."

"Naona."

"Umempa nani?"

Alimtazama shefu, akamtazama mlinzi, kisha akanitazama mimi. "Nimefagia," alisema tena.

"Muache," shefu aliniambia kwa Kifaransa. "Kusoma kwenyewe hajui, atafanya nini na karatasi?"

Kweli, mwisho wa mwezi uliopita, ilipofika zamu yake kwenye orodha ya wafanyakazi, mimi ndiye niliyemsogezea kidau cha wino, bila kumuuliza, ili aweke dole gumba. Lakini nilimjibu shefu kwamba hahitaji kujua kusoma. Anayo familia, na katika familia hakosekani wa kumsomea. Nilisema hayo mbele yake, kwa Kifaransa, kama watu wanavyozungumza juu ya kichwa cha mtoto.

Siku ya soko iliyofuata, yule mwanamke hakuja. Nilikaa mlangoni tangu asubuhi nikitazama pikipiki zinazotoka upande wa Wamaza. Ya pili yake, hakuja. Nilijua imekwisha. Akilini nilimwona akiwa ameketi uani kwa mama mkwe, na ukoo mzima umemzunguka, akilazimishwa kusimulia kwa mara ya nne. Kumfuata nyumbani kwake sikuweza. Kumfuata ndiko kungethibitisha kila kitu. Nililala na hasira, nikaamka nayo, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma nikaifanya hasira yangu iwe ripoti. Ukurasa mmoja, wenye vichwa vidogo. Niliandika kwamba hati ya mteja imepotea mikononi mwa mfanyakazi wa usafi, ndugu wa familia ya mume, aliyekataa kutoa maelezo. Shefu alitia sahihi haraka kuliko ripoti yoyote niliyowahi kumpelekea. Katika ripoti ile ukuta haukutajwa. Wala aliyebandika.

Mama yule aliambiwa asirudi. Hakubishana. Alitaka kuondoka na ufagio, shefu akamwambia ufagio ni mali ya mradi, naye akasema alikuja nao kutoka kwake. Akaenda nao.

Zile ramani tano niliziondoa mwenyewe nikazichoma nyuma ya choo. Mteja wangu hakurudi tena. Mradi ulifungwa kabla ya mwaka kuisha, kama miradi inavyofungwa, na farde zote zikapakiwa kwenye gari kwenda mjini, kwenye stoo ya mtu ambaye bila shaka hazisomi.

Muda mrefu baadaye, nikiwa na kazi nyingine isiyohusu siri za mtu, nilipita Wamaza kwa pikipiki. Dereva alisimama kukaza mnyororo, nami nikamwona yule mteja wangu, kando ya njia, akipura karanga na binti mmoja mrefu. Alinitambua kabla sijasema neno. Alimtuma binti kuteka maji, akanivuta nyuma ya nyumba, akaingia ndani na kutoka na kopo la mbegu. Chini ya mbegu palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Aliikunjua gotini. Akaweka kidole kwenye tawi la kwanza, akatamka neno lake. Akaenda la pili, la tatu, watoto, shamba, cherehani, mpaka kule kwenye kona. Hakukosea hata moja.

"Umejifunza kusoma," nilisema.

"Hapana. Nimezishika tu kichwani." Alianza kuikunja tena. "Mama mudogo aliniletea sokoni, siku ile ile aliitoa ukutani. Akasema usipite tena kule mpaka watoe yale makaratasi. Kisha mukamufukuza, sasa nani angeniambia mumetoa?"

Nilimuuliza mama mkwe alijua lini.

"Hajajua. Nani angemwambia?"

Nilimuuliza basi nani alimsomea ramani, tawi kwa tawi, hata akaishika yote. Alinitazama kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi.

Ni mama mdogo mwenyewe. Alikuwa anajua kusoma tangu akiwa mtoto.